Wifi yangu anasema gauni langu litatuaibisha melini

Shikamoo Shangazi,

Naomba unishauri mapema, maana siku zinakimbia na usingizi umeanza kunipaa.

Mama mkwe wangu anatimiza miaka 70. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, Mungu amemjalia kipato kizuri, na ameamua kutulipia sote safari ya meli ya kitalii ya siku saba. Tutakwenda yeye na mumewe, mama, na sisi watatu: mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka 15. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kupanda meli ya namna hiyo. Niliposikia habari hizo nilimshukuru kwa machozi, na shukrani hiyo bado ninayo moyoni. Naomba ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Kisha zikaja karatasi za safari. Kumbe kuna jioni mbili za mavazi rasmi, ya pili na ya sita. Nakunakilia kama ilivyoandikwa: "Kwa wanaume tunapendekeza suti ya rangi iliyokolea, au koti na tai. Kwa wanawake gauni la jioni, gauni la kokteli, au suruali na blauzi nadhifu." Tangu siku hiyo wifi hajatulia. Kila asubuhi anatuma picha kwenye kundi letu la familia: magauni marefu yanayoburuza, yenye shanga za kung'aa kuanzia kifuani hadi kwenye pindo, na wanaume waliovaa tai za kipepeo. Akataka kila mtu atume picha ya nguo atakayovaa.

Nikatuma ya gauni langu la kijani iliyokolea. Linashuka chini kidogo ya goti, mikono yake inaishia kwenye viwiko, na nililishonesha kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Ndilo vazi zuri kuliko yote niliyo nayo. Wifi akajibu mbele ya watu wote: "Hilo ni la ofisini. Utatuaibisha kwenye picha." Mama hakusema kitu. Mume wangu aliniambia nisijali, halafu hapohapo akaongeza kwamba yeye tai havai. Suti anayo moja, ya harusi yetu, na tangu siku ile hajaigusa kwa sababu anasema tai humkaba.

Shangazi, hatuna uwezo wa kununulia watu watatu nguo mpya kwa ajili ya jioni mbili. Wifi ametulipia safari. Siwezi tena kumwomba nguo. Ugomvi naye siutaki. Nimefikiria niseme nimeshikwa na kichefuchefu cha bahari jioni zote mbili, nibaki chumbani na kijana wangu, wenzetu wale kwa raha zao. Kinachoniuma ni kwamba siku ya kuzaliwa ya mama inaangukia jioni ile ya sita, na amesema anatamani kutuona sote kwenye meza moja.

Je, gauni langu litakataliwa? Naweza kuvaa nguo ileile mara mbili? Mume wangu atarudishwa mlangoni asipofunga tai? Kijana naye ana jinzi na raba tu. Na wifi nimwambie nini?

Ni mimi mwenye gauni la kijani.

*

Marahaba mwanangu,

Gauni lako halitakataliwa. Nimelisoma swali hilo mara ya kwanza nikaona jibu lake umelinakili wewe mwenyewe. Kampuni yenu imetaja gauni la kokteli, na gauni la kokteli ndilo hilo ulilo nalo: la heshima, lenye mshono mzuri, linaloishia usawa wa goti au chini yake kidogo. Hakuna mahali walipoandika kwamba gauni liburuze. Ukumbi wa chakula jioni ya namna hiyo huwa na kila urefu wa nguo. Utawaona waliovaa hadi sakafuni na utawaona waliovaa kama wewe, pamoja na wanawake wengi wenye suruali nyeusi na blauzi ya hariri. Picha anazotuma wifi yako ni za kweli, watu wa hivyo wapo. Ila mpiga picha humfuata aliyeng'aa zaidi, na wale wengine hawapigwi wakawekwa kwenye matangazo.

Hukunitajia jina la kampuni, na hapa jina lina uzito, kwa hiyo ngoja nikueleze kidogo. Meli hazifanani kwa mambo ya mavazi. Zipo zinazoshikilia desturi ya zamani, na mfano unaojulikana zaidi ni kampuni ya Cunard, wenye meli ya Queen Mary 2 inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York. Jioni zao za gala, yaani za sherehe rasmi, wanaume huombwa kuvaa suti ya tuxedo, ile nyeusi ya tai ya kipepeo, au suti ya rangi iliyokolea na tai, na mavazi rasmi ya taifa la mtu yanakubaliwa vilevile. Tena hata jioni za kawaida wana utaratibu wa mavazi unaoanza saa 12 jioni, na asiyetaka kujipamba hutengewa baadhi tu ya kumbi. Upande wa pili wapo Norwegian, ambao tangu mwaka 2000 wanajitangaza kwa uhuru wa abiria kula na kuvaa apendavyo. Kwao jioni ya kujipamba ni hiari tupu. Viking hawana jioni rasmi kabisa. Celebrity waliziondoa mwaka 2015 wakaweka jioni za unadhifu, ambapo mwanamume anaweza kuingia na shati zuri bila koti. Carnival wako katikati: safari ya siku mbili hadi tano huwa na jioni moja ya kujipamba, na ya siku sita au zaidi huwa na mbili.

Ukiyatazama maneno uliyoninakilia na hesabu ya jioni mbili kwa siku saba, kampuni yenu ni ya hao wa katikati. Wanapendekeza. Wanachokataa kweli ni vitu vingine, na orodha yake hufanana karibu kila mahali: kaptura, fulana za mikono mifupi na zisizo na mikono, nguo za kuogelea, kandambili, kofia za michezo, jinzi zilizochanika. Mtu wa mlangoni kwenye ukumbi huangalia hayo. Hapimi urefu wa pindo lako, wala haulizi kama uliwahi kuvaa gauni hilo harusini. Hata hivyo ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usome ukurasa wao wa mavazi mwaka huu, kwa sababu kanuni hizi wamekuwa wakizilegeza na kuzibadili mara kwa mara. Usitegemee picha za mitandaoni wala simulizi za mtu aliyesafiri zamani.

Sasa tuje kwenye lile la kichefuchefu, kwa sababu ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Mwanangu, usilifanye. Siongelei uongo peke yake. Melini kutapika si jambo dogo. Kuna ugonjwa wa tumbo unaosababishwa na virusi vya noro, unaoenea upesi pale watu wengi wanapokula na kushika vyuma vya ngazi pamoja, na wahudumu wamefundishwa kuuwahi. Ukisema unatapika, na mhudumu wa chumba akasikia, unaweza kupelekewa muuguzi na kuombwa usitoke chumbani mpaka wahakikishe. Mama mkwe wako atakaa mezani roho juu akikuwazia wewe. Mumeo ataacha chakula aje kukutazama. Na keki ya miaka 70 itakatwa pakiwa na viti viwili vitupu, cha kwako na cha mjukuu wake. Umeniandikia mwenyewe kwamba hilo ndilo linalokuuma. Basi lisikilize.

Ndiyo, mlango wa kutorokea upo. Karibu kila meli kubwa ina ukumbi wa kujipakulia, mara nyingi deki ya juu karibu na bwawa, na huko jioni rasmi haifiki sana. Watu hula na suruali zao za kawaida kwa amani. Ningekuwa na shaka na mavazi yenu ningekwambia mwende huko bila aibu yoyote. Lakini shaka hiyo sina. Mna nguo zinazotosha kuingia ukumbini, zinahitaji matayarisho tu.

Gauni la kijani livae leo, nyumbani, lote na viatu vyake. Keti nalo kwenye kiti cha meza kwa muda wa kula chakula kizima, maana chakula cha jioni melini huja sahani kwa sahani na mtu hukaa saa moja na nusu hata mbili. Panda ngazi nalo. Inua mkono kama unayeshika chuma cha pembeni. Likikubana mahali, fundi wa nguo ana muda wa kulifungua mshono sasa, na pale baharini hatakuwepo. Kisha litazame kitambaa. Likunje, liweke chini ya kitu kizito usiku kucha, asubuhi ulitundike. Likinyooka lenyewe ndani ya saa chache, umepona. Likibaki na makunyanzi, itabidi ulipange juu kabisa ya begi, limeviringishwa na kitambaa chepesi ndani yake.

Nasema hivi kwa sababu pasi huwezi kwenda nayo. Meli karibu zote zinakataza pasi chumbani, na vile vyombo vya kunyoosha nguo kwa mvuke pia, kwa hofu ya moto. Wakikiona kwenye begi wanakichukua na kukurudishia mwisho wa safari. Baadhi ya kampuni, Carnival na Princess mojawapo, zina vyumba vya abiria kufulia na kupigia pasi. Royal Caribbean hawana. Mahali pasipo na chumba hicho unampa mhudumu nguo ikapigwe pasi kwa malipo. Ukiamua hivyo mpe siku ya kwanza, usingoje mchana wa jioni rasmi wakati abiria wengine wote wamekumbuka jambo hilohilo. Njia ya bure ni kulitundika gauni bafuni wakati mtu anaoga maji ya moto, mlango umefungwa, halafu ulinyooshe kwa viganja lingali na unyevu. Na ukipata vindoano vya sumaku nenda navyo viwili vitatu: kuta za vyumba vya meli ni za chuma, vinashika vizuri, na kabati lenu la watu watatu halitakuwa na nafasi ya gauni kuning'inia bila kusongwa.

Kuhusu kuvaa mara mbili: vaa. Kati ya jioni ya pili na ya sita kuna jioni tatu, na watakaokuona mara zote mbili ni watu wa meza yako na mhudumu wenu. Ila kwa sababu ya wifi na picha zake, nakushauri jioni ya pili uvae suruali nyeusi iliyonyooka na blauzi nzuri, kama unayo, na gauni la kijani ulihifadhi kwa siku ya mama. Wameziruhusu suruali kwa maandishi. Kama huna blauzi ya kufaa, vaa gauni zote mbili na ubadilishe vya juu: mara ya kwanza na shali begani na hereni ndogo, mara ya pili bila shali, nywele umezibana juu na mkufu unaoonekana. Kwenye picha zitakuwa jioni mbili tofauti.

Shali yenyewe usiiache, hata kama gauni lina mikono. Kiyoyozi cha ukumbi wa chakula huwa kikali, na ukumbi wa maonyesho mtakaokwenda baadaye huwa baridi zaidi. Mchukulie na mama yako mkwe moja nzito. Mtu wa umri wake huanza kuona baridi kabla ya supu kuisha, na ataona haya kusema.

Viatu ndivyo vinavyoharibu jioni za watu wengi. Meli inatembea. Siku ya bahari tulivu hutagundua, na siku yenye mawimbi sakafu inakupa hatua usiyoitegemea katikati ya ngazi. Kisigino kirefu chembamba kinataka sakafu iliyotulia. Chukua chenye kisigino kifupi kinene, au cha chini kabisa chenye umbo zuri, ambacho umekwisha kukitembelea. Kutoka chumbani hadi ukumbini huwa ni mwendo mrefu wa korido nyembamba yenye zulia, lifti zimejaa, na mwishowe unapanda ngazi. Kwa mama mkwe hili silijadili: viatu bapa, vyenye soli isiyoteleza.

Sasa mumeo. Asipofunga tai, kwa maneno ya kampuni yenu, sidhani kama atarudishwa. Kwenye meli za familia mwanamume mwenye suti na shati lililofungwa vizuri hupita. Lakini kabla hamjaamua hivyo, fanya jambo moja. Toa shati lake la harusi, mwambie afunge kifungo cha juu kabisa, kisha upitishe vidole viwili kati ya kola na shingo yake. Visipopita, tatizo lake ni kola, halafu tai inasingiziwa. Mwanamume hunenepa shingo polepole asijue, anaendelea kulijaribu shati lilelile, na kila mara anasema tai inamkaba. Shati jipya jeupe lenye kola inayomtosha ndilo jambo moja ambalo ningewaambia mlinunue. Akiwa na hilo, amvalie mama yake tai jioni ya sita tu. Jioni ya pili aende na suti bila tai, kola wazi, na asisumbuliwe. Mwombe kwa maneno hayo: "Jioni moja, kwa ajili ya mama." Wanaume wengi wanaokataa tai hukubali wakijua inafunguliwa lini.

Suti nayo aijaribu wiki hii. Kiuno cha suruali huwa na kitambaa cha akiba nyuma ambacho fundi anaweza kukifungua. Koti likishindwa kufungika kifungo, livaliwe wazi. Mabega yakibana hakuna dawa, hapo aazime la ndugu. Suti ya tuxedo asiitafute. Kwa kampuni kama yenu suti iliyokolea inatosha kabisa, na hata Cunard wanaikubali.

Kijana wa miaka 15 anahitaji suruali nyeusi, shati lenye kola na viatu vya kufunga vyeusi. Viatu vya shule vilivyosuguliwa dawa vinafaa. Raba zake aende nazo, mchana atazihitaji. Mwambie mapema, umpe sababu, usimwachie dakika ya mwisho chumbani. Na hapa nikuonye juu ya hicho chumba. Watu watatu, bafu moja ambalo mtu akigeuka kiwiko kinagonga pazia, kioo kimoja chenye mwanga mzuri juu ya meza ndogo. Kama mmepangiwa chakula cha awamu ya kwanza, inayoanza mapema kabla ya jua kuzama, na mmetoka bwawani saa 10, mtagombana. Siku hizo mbili kijana aoge wa kwanza na akae nje kwenye deki amevaa tayari, mumeo afuate, wewe ubaki na chumba peke yako nusu saa ya mwisho. Nusu saa hiyo ya kujitazama kwenye kioo bila mtu kukuharakisha inafanya kazi kubwa kuliko gauni jipya.

Wifi yako nimemwacha mwishoni kwa sababu ndiye anayehitaji upole zaidi. Alikosea kukusema mbele ya watu, na una haki ya kuumia. Ila msome vizuri. Ametoa fedha nyingi, hajawahi kupanda meli hiyo, anaogopa sherehe ya mama yake isipendeze, na hofu yake yote ameimalizia kwenye nguo kwa sababu nguo ndicho kitu pekee anachoweza kukishika kwa sasa. Usimjibu kwenye kundi. Mpigie simu, au mwandikie peke yake. Unaweza kumwandikia hivi:

"Wifi, nimesoma masharti ya kampuni. Gauni la kokteli limo, na langu ni la aina hiyo. Nitalivaa siku ya mama. Lile neno la kwenye kundi liliniuma, nimeona nikwambie wewe kuliko kukaa nalo. Nimefikiria pia: picha itapendeza tukiwa na rangi moja sote kuliko urefu mmoja. Kaka yako atavaa tai ya kijani, mjukuu naye. Mama unaonaje tumtafutie kitambaa cha bega cha rangi hiyo, na wewe uvae gauni lako refu upendalo?"

Yatazame maneno hayo kabla hujayatuma, uyafanye yawe yako. Nimeweka rangi kwa makusudi. Mpiga picha wa meli huwapanga watu mbele ya pazia au kwenye ngazi kubwa ya ukumbi wa kati, na mnapokuwa sita wamesimama karibu karibu, wa mbele wameketi, miguu ya nusu yenu haionekani. Kinachounganisha picha ni rangi ya juu. Piga nyingi kadiri mtakavyo. Kwenye meli nyingi kupigwa ni bure na mnalipia zile tu mtakazochagua. Waambie wahudumu wa ukumbi pia, siku moja au mbili kabla, kwamba kuna mama wa miaka 70 mezani kwenu. Meli nyingi huleta keki ndogo na wahudumu huja kuimba. Mpe wifi kazi hiyo. Atafurahi kuwa na jambo la kupanga lisilo mwili wa mtu mwingine.

Akikataa, akishikilia gauni refu, mwambie mara moja tu kwamba umesikia na utavaa ulilo nalo. Usijieleze tena. Wala usikope fedha kwa ajili ya jambo hili, mwanangu. Nakuomba sana.

Mambo machache ya begi, nisikuchoshe. Siku ya kupanda, mabegi makubwa mnawaachia wapagazi bandarini na yanafikishwa mlangoni kwa chumba chenu alasiri, wakati mwingine usiku umeshaingia. Ndiyo maana jioni ya kwanza haiwi rasmi, na desturi hiyo ni ya tangu enzi za meli kubwa za kuvuka bahari, masanduku yalipokuwa bado hayajafunguliwa. Dawa za mama, hati za safari na nguo nadhifu ya jioni hiyo ya kwanza ziwe kwenye begi la mkononi. Gauni la kijani pia, hasa kama mnafika bandarini kwa ndege, kwa sababu begi lililopotea uwanjani si rahisi kuifuata meli iliyokwisha kung'oa nanga. Ukifika chumbani angalia ratiba ya siku, iwe ya karatasi au kwenye programu ya simu, uhakikishe jioni rasmi ni zilezile walizokuandikia; mara nyingi huwekwa siku ambazo meli haitii nanga popote, na ratiba ya bandari ikibadilika nazo huweza kusogezwa.

Jioni ya mwisho mabegi hutolewa nje ya mlango kabla ya kulala ili yateremshwe usiku. Kabla hujalifunga la kwenu, toa nguo za asubuhi za watu wote watatu uziweke kitandani, na viatu vya kijana uvikague mara mbili.

Shangazi